Bibi Harusi Kwenye Jukwaa la Msiba

Ugomvi ulianza siku Kasturi Barman alipomwita Tarulata "mama mdogo" mbele ya kundi zima. Msichana wa watu hakuwa na ubaya. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka garini akitokea Guwahati, jiji kubwa la jimbo la Assam huko India, alikokuwa akicheza filamu na tamthilia za televisheni. Akamwona mwanamke mtu mzima amekaa kwenye benchi la mazoezi anatafuna tambuu, akainama, akamgusa miguu kama alivyofunzwa kwao, akasema, "Shikamoo, mama mdogo." Basi! Watu wote wakageuka kutazama. Katika Kundi la Maigizo la Sonpahi, kuanzia mwenye kundi mpaka wapishi, hakuna aliyewahi kumwita Tarulata Medhi jina lingine zaidi ya dada. Dada Taru. Hata wazee waliomzidi umri walimwita dada, maana mwigizaji mkuu wa kike ni dada wa watu wote, hazeeki, na jambo hilo halina mjadala.

"Marahaba, mwanangu," Tarulata akajibu, akatoa tabasamu tamu mno. Loknath, mwigizaji aliyekuwa mume wake wa jukwaani miaka nenda miaka rudi, alilijua tabasamu lile. Alinyanyuka akaenda kunywa chai ili asije akacheka hadharani.

Hiyo ilikuwa Julai, mvua zinamwagika juu ya mabati ya ukumbi wa mazoezi pale Pathsala. Tangu siku hiyo Tarulata hakumsemesha Kasturi neno ambalo halikuandikwa kwenye mchezo.

Tusimlaumu sana. Mtu aliyewahi kuwa Tarulata Medhi hawezi kuamka asubuhi moja akakubali kuwa mama mdogo. Alitoroka kwao Nalbari akiwa na miaka kumi na saba, akaingia kundini kama mcheza ngoma wa kufungua pazia. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliacha kupita sokoni kwa aibu. Shangazi yake alimfuata mpaka kambini, akampa vidonge vyake mbele ya wenzake: "Umetuvua nguo! Nani atakuoa wewe?" Msimu uliofuata mwigizaji mkuu akaugua homa ya ini, wakatafuta msichana anayejua maneno yote, wakamkuta huyo mcheza ngoma anajua ya kwake, ya mgonjwa, na hata ya wanaume. Ndivyo alivyopanda. Baadaye watu wa filamu walimfuata wenyewe. Ikawa wasichana wa Assam nzima wanafunga nywele kama yeye, na vinyozi wanabandika picha yake ukutani. Aliolewa pia, shangazi akaumbuka, na karani wa benki, mtu mpole. Yule bwana alivumilia misimu kadhaa ya nyumba isiyo na mke, mwishowe akamwomba achague, yeye au jukwaa. Alipochagua, mume alifunga sanduku lake taratibu, akaaga vizuri. Hilo la kuaga vizuri ndilo lililomuuma kuliko matusi yote.

Kisha majumba ya sinema yakaanza kufungwa, moja likawa ghala la mchele, jingine ukumbi wa harusi. Filamu zikakauka. Tarulata akarudi kwenye malori na mahema, na huko nako akakuta amewekewa majukumu ya mama mtu. Mama anayelia. Mama anayepika. Mama anayekufa mapema ili watoto wapate nafasi ya kupendana.

Ndiyo maana mwaka ule alikuwa na jambo moja tu moyoni. Kundi lilibeba michezo mitatu. Miwili ilikuwa ya Kasturi, ina nyimbo, ina mapenzi, ina ngumi. Wa tatu uliitwa *Nyumba Inayohama*, na ulikuwa wake. Mwanamke wa kijijini, mto unamega ardhi yake, kila ukimfikia anang'oa nguzo na kuihamishia nyumba nyuma. Anaanza akiwa bibi harusi, hilo linasimuliwa tu, na anamaliza akiwa bibi kizee, na katikati anamzika mume na kumwoza mwana. Kasturi alikuwa na kipande kidogo mle ndani, cha mke wa huyo mwana. Tarulata aliusoma mchezo ule akalia njia nzima ndani ya basi, watu wakadhani amefiwa.

Sasa, utaratibu ni huu: mvua zikikatika kundi linatoka, kijiji hadi kijiji, siku tatu kila mahali, kila siku mchezo mmoja. Lakini kamati ya kijiji ndiyo inayoalika, na kamati ya kijiji ndiyo inayochagua. Kila walikokwenda msimu ule, siku ya tatu ikifika, kamati zilisema neno lilelile: "Rudieni ule wa kwanza. Tunamtaka Kasturi." Desemba ikaingia, *Nyumba Inayohama* haijaonyeshwa hata mara moja.

Wakiwa njiani kwenda Kolbari, kijiji kilicho ukingoni mwa mto Beki, Tarulata alimkabili mwenye kundi. Thakuria alikuwa mtu mnene mwenye haraka, shali shingoni msimu mzima, simu haibanduki sikioni.

"Mara moja tu, Thakuria. Niwekee Kolbari, siku ya tatu."

"Dada Taru, nikwambie mara ngapi? Watu hawatoi kiingilio kutazama mama wa mtu."

"Hujawahi kuwauliza."

"Nimewauliza kwa hema lililojaa! Siku Kasturi akiwepo linajaa. Swali limekwisha jibiwa."

"Mara moja," Tarulata akarudia, na sauti yake ikapungua. "Nimekufanyia kazi tangu baba yako yuko hai. Sijawahi kukuomba kitu."

Thakuria akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. "Sawa. Mara moja. Lakini sikiliza vizuri, nisije nikalaumiwa. Watu wakianza kuondoka kabla haujaisha, mchezo huu nauzika hapohapo Kolbari. Na wewe msimu ujao utacheza mama, tena mama wa kukaa kitini, au utapumzika nyumbani."

"Nimesikia."

"Usininunie basi."

"Nimesema nimesikia."

Hapo ndipo mambo yalipofikia. Na Tarulata alijua fika kwamba hakuna kundi lingine Assam lingempa mwanamke wa umri wake mchezo wa kuubeba begani. Hema likibaki na watu mpaka mwisho, ana kazi. Likitoka tupu, basi, yamekwisha.

Kolbari waigizaji waligawiwa majumba ya wenyeji, kama kawaida, na Tarulata akaangukia kwa Podumi, mjane mwenye ulimi usio na breki. Siku ya tatu mchana Podumi alikuwa kwenye kitanda cha mfumi, anarusha uzi huku na huku, na mgeni wake amekaa mlangoni anaota jua la baridi.

"Dada, nikwambie ukweli? Usikasirike," Podumi alisema. "Mimi nimefurahi umelala kwangu, majirani wanakufa kwa wivu. Lakini tiketi nilikata kwa ajili ya Kasturi."

"Sikasiriki."

"Jana nimelia! Alivyomkimbilia yule kijana kwenye mvua! Na leo mnaonyesha nini?"

Tarulata akamweleza. Mto, nguzo, nyumba inayorudi nyuma.

Podumi akaacha kufuma. "Ah! Mbona huyo ni mimi?"

"Wewe?"

"Nyumba hii unayoiona ilikuwa kule, kwenye maji. Kabla ya hapo ilikuwa mbele zaidi. Nimeibeba kichwani mimi, mabati kwa milango. Sasa nitoke kwangu na baridi hii, nikakae kwenye kiti cha plastiki, nijitazame mwenyewe?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hapana, dada. Nitakuja kwa heshima yako. Lakini nikisinzia usinisute."

Wali na mchuzi wa samaki wa uchachu vilikuwa vitamu, lakini aliishia kuonja. Tarulata alisukuma sahani, akasema atakula baada ya mchezo.

Alipofika uwanjani alikuta vurugu. Nyati wa kufugwa wa jirani walikuwa wamebomoa kingo za bwawa lililo kando ya hema, maji yakajaa kwenye hema dogo la kuvalia. Watu walikuwa wanabeba masanduku ya nguo, vioo na vipodozi kuyahamishia upande wa pili, nyuma ya jukwaa lingine. Ieleweke kwamba makundi haya hayana jukwaa moja, yana majukwaa mawili yaliyoshikana, ubavu kwa ubavu. Tukio likiendelea upande wa kulia, wa kushoto wako gizani wanapanga vyombo vya tukio lijalo. Taa zinazima huku, zinawaka kule, watazamaji wanageuza shingo, mchezo hausimami. Mwigizaji anapita nyuma gizani, miguu yake inajua njia bila macho. Miguu ya Tarulata iliijua. Ya Kasturi ilikuwa imejifunza jambo moja tu msimu mzima: ukitoka kuvaa, kamata kushoto.

Na hema la kuvalia sasa lilikuwa upande wa pili. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sasa akamate kulia.

Jioni hema lilijaa, hilo tusilikatae. Walikuja na mablanketi, watoto mgongoni, popoo mifukoni. Walikuja kwa sababu waliambiwa Kasturi yumo. Tukio la kwanza likapita, Kasturi hayupo. La pili, hayupo. Vijana wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. "Kasturi yuko wapi? Mtoeni Kasturi!" Mzee mmoja akawakemea, wakanyamaza kidogo, wakaanza tena. Tarulata alikuwa anang'oa nguzo jukwaani, jasho la kweli linamtoka, na kwa pembe ya jicho aliona familia moja imesimama, baba anakunja blanketi. Kisha wengine wawili. Kando ya jukwaa Thakuria alikuwa amesimama na shali lake, hatazami mchezo, anatazama mlango wa kutokea.

Tarulata alijikaza. Lakini mtu wa jukwaani haambiwi, anahisi. Hema lilikuwa linamponyoka.

Likaja tukio la msiba. Giza. Loknath akajilaza mkekani, wakamtia pamba puani, wakamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni, akafumba macho. Tarulata akapiga magoti kando yake, nywele wazi. Baada ya hapo, kule jukwaa la pili, ndiko ingekuwa harusi ya mwana, na Kasturi angesimama mlangoni amevaa nguo za bibi harusi, kichwa chini, akisubiri taa.

Taa zikawaka juu ya maiti. Na mlangoni, ndani ya nyumba ya msiba, bibi harusi alikuwa amesimama. Hariri ya dhahabu, shada la maua shingoni, bangili mpaka viwikoni, kichwa kakiinamisha kwa haya. Hana hili wala lile, anasubiri nyimbo.

Hema likapigwa na butwaa. Kisha upande wa vijana mtu akapaza sauti: "Bibi harusi kapotea njia!" Kicheko kikalipuka, kikaenda safu kwa safu mpaka mbele.

*Ameniua*, Tarulata aliwaza. *Mtoto huyu ameniua.* Alisikia damu inampanda mpaka masikioni. Mkumbushaji wa maneno, nyuma ya pazia, alikuwa ananong'ona kama mwehu, "Zimeni taa! Zimeni!" Thakuria alikuwa anapunga mikono yote miwili.

Maiti ikasema bila kufumbua midomo, "Taru, kuna nini? Mbona wanacheka?"

"Nyamaza, umekufa," Tarulata akanong'ona.

Akainua macho kumtazama Kasturi, akitaka ammeze mzima. Msichana alikuwa ameinua kichwa, amekwisha ona. Amemwona Loknath chini ya shuka, ameona kila kitu, na uso umemwisha damu chini ya rangi. Vidole vimeng'ang'ania pindo la mtandio. Lakini hakukimbia. Alisimama palepale, anamtazama Tarulata kwa macho ya mtu anayezama.

Tarulata akanyanyuka. Akaiacha maiti. Akaenda mlangoni, polepole, jinsi mtu anavyomwendea ndege asiruke.

"Umekuja," alisema.

Sauti yake haikuwa kubwa. Vicheko vikapungua, maana watu walitaka kusikia.

"Nilikuwa najiuliza utakuja lini. Sijakuona tangu siku ile." Akaugusa mtandio wa hariri. "Hii aliifuma mama. Ndiyo niliyokuja nayo. Nilisimama mlango huuhuu, nyumba ikiwa kule mbele, kabla mto haujala. Nilisimama hivihivi. Viatu vinanibana, nina njaa tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Mwanamke mmoja katikati ya hema akacheka kidogo, kicheko cha kujua, kisha akanyamaza. Na hapo watu wakaelewa. Unaweza kusikia hema linapoelewa: viti vinaacha kulia. Huyu bibi harusi hakupotea. Huyu ni yeye mwenyewe, mama huyuhuyu, alivyokuwa siku alipoingia katika nyumba hii.

"Usiogope, mtazame," Tarulata aliendelea. "Ndiye yeye. Siku ile alikuwa amesimama kando yako amevaa koti la kuazima, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, nawe ulikuwa unamchungulia chini ya mtandio unajiuliza kama anakoroma. Anakoroma. Alikuwa anakoroma mpaka jana." Akamshika msichana mikono, akaigeuza viganja juu, akaiweka kando ya mikono yake mwenyewe. "Ona. Hii ndiyo hii. Hizi nywele nyeupe ni zako, nimekutunzia. Ulitaka kucheka sana, wewe. Nimecheka ulivyotaka, kila nilipopata nafasi. Nafasi zenyewe hazikuwa nyingi."

Kasturi aliiacha mikono yake palepale. Machozi yalikuwa yanachora mifereji kwenye unga wa uso.

"Niambie," Tarulata alisema, na hapo hakuwa tena na hakika ni nani anayeuliza, mwanamke wa mchezo au msichana wa Nalbari aliyetoroka kwao. "Kama mtu angekukalisha chini siku ile akakwambia yote. Utakosa hiki, utazika kile, wataondoka mmoja mmoja, wengine wataaga vizuri. Ungevuka kizingiti hiki?"

Akasubiri. Hema zima likasubiri naye. Kasturi alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Basi Tarulata akamwongoza kwa mkono, akamkalisha kando ya maiti, akapiga magoti, akarudi kwenye maneno yaliyoandikwa, akayasema yote akiwa ameushika mkono wa yule msichana. Taa zilipozima, gizani kulikuwa na kupenga kamasi kila upande.

Yule baba mwenye blanketi alikuwa amekaa tena, chini kabisa, kwenye nyasi. Hakuna aliyetoka mpaka mwisho.

Baada ya mchezo Podumi alivamia hema la kuvalia akiwa na kundi la wanawake nyuma yake. Alimkamata Tarulata mabegani. Ulimi usio na breki ulikuwa umegoma. Mwishowe akasema, "Umeniliza kama mjinga. Na mchuzi wako nimekuwekea, leo utakula utake usitake." Akatoka haraka.

Kasturi alikuwa amejikunyata nyuma ya sanduku la nguo, bado na shada shingoni. Tarulata alimwendea. Maneno ya kumpa alikuwa nayo, ameyatunza tangu Julai, yamechongwa vizuri.

"Mama mdogo, nisamehe," msichana akaanza kabla hajaulizwa. "Nilikamata kushoto kama siku zote. Sikujua kwamba hema likihama na njia inageuka. Nimekuharibia mchezo wako, na najua ulivyousubiri, kila mtu anajua..."

"Mbona hukukimbia?" Tarulata akamkatiza. "Mlango ulikuwa nyuma yako. Ungerudi tu gizani, watu wangecheka, wangesahau."

Kasturi akafuta pua kwa kiganja. "Walikuwa wanacheka. Ningekimbia ungebaki peke yako nao."

Tarulata akavuta kigoda. Yale maneno yaliyochongwa yalimwishia mdomoni. Akakaa, goti kwa goti na yule msichana.

"Nilikuwa nakuchukia," alisema.

"Najua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Najua, mama mdogo. Hata wapishi wanajua. Wananipa sahani ndogo ili wakufurahishe."

Tarulata akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni, na Kasturi akacheka na machozi yake, na Loknath akachungulia akiwa bado na pamba puani akauliza kama kuna mtu atamweleza mtu aliyekufa kilichotokea. Wakacheka zaidi.

Thakuria akaingia, shali limemwanguka bega moja. "Kamati wanataka kesho turudie! Huo huo! Malori hayaondoki." Akamnyooshea kidole Kasturi. "Na wewe kesho potea tena vilevile. Lile kosa nalitaka. Nitamwambia mwandishi aandike maneno yenu usiku huu."

"Hapana," Tarulata alisema.

"Hapana nini?"

"Hakuna kuandika. Mwandishi kaandika habari za mto, inatosha. Pale mlangoni tuachie mimi na huyu."

"Dada Taru, leo ilikuwa bahati. Nataka kesho nione kama ni mchezo."

"Utaona. Ukiandika, sichezi."

Thakuria akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Loknath alikuwa anajitoa pamba puani. "Haya," mwenye kundi akasema. "Lakini watu wakitoka, lile neno langu liko palepale."

Alipoondoka, Kasturi akauliza kwa sauti ndogo, "Nifanye nini pale? Mimi kwenye filamu naambiwa kila kitu. Geuka, tazama, lia."

"Simama. Ukiwa na la kusema, sema. Ukiwa huna, nyamaza, mimi nipo."

Kesho yake watu walivuka mto kwa mitumbwi kuja. Walikuja hata wale waliokwisha kuona, na Podumi alikaa safu ya mbele na mashoga zake, amejifunga blanketi, anawaambia watu wanyamaze kabla hawajasema kitu. Lakini watu wa leo walikuwa wamesimuliwa, na hadhira iliyosimuliwa ni ngumu, imekuja kupima. Tarulata alilihisi hilo tangu pazia. Thakuria alikuwa kando, palepale, macho mlangoni.

Giza la msiba likaingia. Tarulata alisikia bangili zinalia taratibu gizani, msichana anapita nyuma yake kwenda mlangoni, safari hii kwa kujua. Taa zikawaka. Kulikuwa na mnong'ono, kisha kimya. Akanyanyuka, akamwendea. "Umekuja," alisema, na mengine yakafuata, si yaleyale ya jana, mengine yalikuwa mapya, ya mama yake, ya barabara, ya nywele. Watu walikuwa wanasikiliza, ndiyo. Lakini yeye mwenyewe alijua kuwa bado anaigiza, tena anaigiza vizuri, na jana hakuigiza. Akafika kwenye swali. Akamshika mikono.

"Kama mtu angekwambia yote siku ile. Ungevuka kizingiti hiki?"

Akasubiri, akidhani swali litaachwa bila jibu kama jana.

Kasturi akainua uso. Hakuwa analia. Alimtazama kama mtu anavyomtazama aliyempenda kwa muda mrefu kutoka mbali.

"Niliambiwa," alisema. "Mama aliniambia, shangazi aliniambia, kijiji kizima kiliniambia. Nilijua yote. Nikaja hivyohivyo."

Tarulata akafungua mdomo kusema maneno yanayofuata, na maneno yanayofuata hayakuwepo. Yeye, aliyejua ya kwake na ya wagonjwa na ya wanaume! Mkumbushaji alimnong'onezea mara ya kwanza, mara ya pili, akapandisha sauti mpaka safu ya mbele wakamsikia. Yeye hakumsikia. Alikuwa analia, na si kilio chake cha jukwaani ambacho Assam nzima inakijua, kile kizuri cha chozi mojamoja. Kilikuwa kilio kibaya cha mabega na kamasi, na alimwona mbele yake yule msichana wa Nalbari aliyetoroka na nguo moja, hajuti, wala hajawahi kujuta.

Loknath chini ya shuka alisahau kuwa amekufa. "Taru," alisema kwa upole. "Sema chochote."

Kando ya jukwaa Thakuria alikuwa ameketi juu ya ngoma, shali usoni, na mlango wa kutokea hakuna aliyekuwa anautazama.

Tarulata akajifuta uso kwa mkono wote kama mwanamke wa shambani. Akamvuta Kasturi kwake, juu ya kizingiti cha mbao na rangi, akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Ulifanya vizuri kuja," alimwambia. "Karibu ndani, mwanangu."